Kuandika vihifadhi skrini kwa Xlib: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa vijana ninaowafundisha kila Jumamosi hapa Arusha, na kwa wengine wanaonipigia simu kutoka Moshi na Usa River. Karibu kila anayeanza huuliza yaleyale. Nimeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayomkuta mtu baada ya miezi ya kuandika. Jambo moja utaliona likijirudia: kungoja, kuchora na kufunga ni kazi tatu tofauti. Shida nyingi zilizoelezwa hapa huanzia kwa mtu aliyezitia zote kwenye programu moja.

## Mambo ya msingi

1. Kihifadhi skrini ni nini hasa, na je, bado kina kazi?

Ni programu inayochukua kioo pale mtu anapoacha kugusa kibodi na kipanya. Huchora kitu kinachotembea, au huacha kioo kiwe cheusi, kisha huondoka mara tu anapogusa tena.

Kilianza kwa sababu ya vioo vya chogo. Ndani ya kioo cha chogo kuna tabaka la unga unaong'aa unapopigwa na elektroni. Picha ileile ikikaa mahali pamoja saa nyingi kila siku, unga wa sehemu hiyo huchoka kuliko wa sehemu nyingine, na alama haifutiki tena. Niliwahi kuona kioo cha namna hiyo kwenye steshenari moja mjini: mashine ilikuwa imechomolewa, lakini majina ya menyu ya programu ya hesabu yalisomeka pale juu, neno kwa neno.

Vioo bapa vya LCD haviungui hivyo. Vinaweza kubaki na kivuli cha picha kwa muda, halafu kikapotea. Vya OLED ndivyo vinavyochakaa kwa kudumu, kwa hiyo kwa wenye OLED sababu ile ya zamani imerudi. Kwa wengine zimebaki kazi mbili: kuficha kazi ya mtu aliyeinuka kitini, na kupendeza. Hii ya pili siidharau. Sijaona njia nzuri zaidi ya kumfundisha kijana kuchora kwa kompyuta, maana matokeo anayaona kioo kizima na anaweza kumwonyesha mama yake.

2. Xlib ni nini, na kwa nini "seva" ni kompyuta iliyo mbele yangu?

Mfumo wa madirisha X ulianzishwa MIT, Marekani, mwaka 1984, na waliousimamia mwanzoni ni Bob Scheifler na Jim Gettys. Toleo la 11, ambalo ndilo tunalolitumia hadi leo, lilitoka 1987. Katika mfumo huu seva ni programu inayomiliki kioo, kibodi na kipanya. Programu yako ni mteja. Ndiyo maana seva iko mezani kwako, hata kama mteja anatembea kwenye kompyuta iliyo mji mwingine.

Fikiria duka la rejareja la kwetu lenye nondo mbele. Huingii kuchukua sukari rafuni. Unasema unachotaka, mwenye duka anakupa. Mteja wa X naye hagusi pikseli. Anaomba: "chora duara hapa, kwa rangi hii." Xlib ni maktaba ya lugha ya C inayoandika maombi hayo kwa niaba yako na kuyapeleka. Lakini haiyapeleki moja moja. Inayakusanya kwanza, kama mtoto aliyetumwa dukani na orodha nzima, na tabia hiyo ndiyo inayozaa nusu ya malalamiko ya swali la 7.

3. Nahitaji mashine ya namna gani?

Yoyote inayowasha Linux yenye X. Darasani tunatumia mashine za mtumba, nyingine zina RAM ya GB 2 tu. Kwenye Debian au Ubuntu:

`sudo apt install build-essential libx11-dev libxss-dev libx11-doc`

Kifurushi cha mwisho ni cha nyaraka. Usikiache. Ukishakipakua, `man XFillArc` inafunguka bila intaneti, na bando lako linapumzika.

4. Nikiandika kwa Xlib, kitafanya kazi kwenye Windows?

Hapana. Huko kihifadhi skrini ni programu ya kawaida iliyopewa jina linaloishia na `.scr`, na mfumo huiita kwa alama `/s`, `/p` au `/c`. Hesabu zako za mwendo na rangi zitahamia. Maombi ya X hayatahamia.

5. Niandike kihifadhi kizima, au mchoro peke yake?

Mchoro peke yake. Nawasihi kabisa.

Mwaka 1992 Jamie Zawinski alitoa XScreenSaver, na mpangilio wake ndio niliousema pale mwanzo. Programu moja, iliyo macho muda wote, hungoja na kufunga. Michoro ni programu nyingine kabisa, zaidi ya 200, na kila moja hupewa dirisha na kuambiwa: chora humo. Mchoro ukianguka, kufuli haliguswi. Mchoro ukikwama, unauawa na mwingine unaanzishwa.

Kwako maana yake ni kwamba huna haja ya kujua lolote kuhusu nenosiri wala muda wa kungoja. Andika programu inayochora vizuri kwenye dirisha ililopewa, basi. Wanaotaka kuelewa kungoja waende swali la 13, na wanaowaza nenosiri wasome kwanza swali la 16.

## Kuchora

6. Programu yangu itajuaje dirisha la kuchorea?

XScreenSaver huweka namba ya dirisha kwenye kigeu cha mazingira `XSCREENSAVER_WINDOW`. Kikiwepo, tumia dirisha hilo. Kisipokuwepo, maana yake unajaribu programu mwenyewe, kwa hiyo tengeneza la kwako:

```c
Window chagua(Display *d, int *langu)
{
    const char *s = getenv("XSCREENSAVER_WINDOW");
    int k = DefaultScreen(d);
    if (s && *s) {
        *langu = 0;
        return (Window) strtoul(s, NULL, 0);
    }
    *langu = 1;
    return XCreateSimpleWindow(d, RootWindow(d, k),
        0, 0, 800, 600, 0, BlackPixel(d, k), BlackPixel(d, k));
}
```

Ile `0` mwishoni mwa `strtoul` ina kazi. Namba huja kwa mtindo wa `0x3A00007`, na sifuri huiambia C itambue yenyewe kwamba ni ya msingi wa kumi na sita. Ukiweka 10 utapata sifuri, na seva itakurudishia kosa la `BadWindow`.

Kigeu `langu` nacho si pambo. Dirisha ulilolitengeneza mwenyewe lazima uliombee lionekane kwa `XMapWindow`, kisha ungoje tukio la `Expose` (taarifa ya seva kwamba dirisha linahitaji kuchorwa) kabla ya kuchora. Lile ulilopewa tayari liko kioo kizima, na ukikaa kungoja `Expose` juu yake unaweza kungoja hadi asubuhi. Kijana mmoja alihangaika siku mbili na mchoro uliofanya kazi kila alipoujaribu na ukakataa kila ulipoitwa na XScreenSaver. Kosa lilikuwa hilo.

Ukubwa wa dirisha uulize kwa `XGetWindowAttributes`. Usitumie `DisplayWidth`, kwa sababu kwenye kidirisha cha kuonjea cha mipangilio utapewa eneo dogo, na mchoro wako utamwagikia nje.

7. Imekompaili bila kosa, lakini kioo ni cheusi. Kwa nini?

Sababu ninazozikuta, kwa mpangilio wa wingi wake:

Hukusukuma maombi. Kama nilivyosema kwenye swali la 2, Xlib hukusanya. Ukichora halafu ukalala kwa `usleep`, maombi yanalala nawe. Weka `XFlush(d)` kila unapomaliza picha moja. `XSync` nayo husukuma, ila inangoja seva ijibu, kwa hiyo ni nzito zaidi. Itumie unapotafuta kosa.

Ulichora kabla dirisha halijaonekana. Ulichochora kwenye dirisha ambalo bado halipo kioo hakihifadhiwi popote.

Rangi yako ni nyeusi bila wewe kujua. Kwenye `XColor`, nyekundu, kijani na bluu huhesabiwa kuanzia 0 hadi 65535. Ukiweka 255, kama ulivyozoea kwenye kurasa za wavuti, umeomba rangi ambayo jicho haliwezi kuitofautisha na giza. Zidisha kwa 257: 255 mara 257 ni 65535 kamili.

Duara lako si duara. Hili lilitupata tulipokuwa tukichora shanga za Kimaasai: miduara midogo nyeupe, nyekundu na bluu inayojipanga moja moja hadi ikawa kola nzima ya shingoni. Mara ya kwanza kila ushanga ulitoka kama kipande chembamba mno cha chungwa, na kwa mbali kioo kilionekana kitupu. `XFillArc` hupima pembe kwa sehemu za 64 za digrii. Tuliandika `360`, ambayo ni digrii tano na nusu na kidogo. Andika `360*64`, na shanga zote zinajaa.

8. Mchoro unapepesa kama taa yenye umeme mdogo. Nifanyeje?

Unafuta kioo na kuchora upya mbele ya macho ya mtu, naye anaona ule ufutaji. Chora kwanza pembeni, kwenye `Pixmap` yenye ukubwa na kina (idadi ya biti za rangi kwa kila pikseli) sawa na dirisha, kisha hamisha picha nzima mara moja kwa `XCopyArea`. Kufuta kunafanyika pembeni, na mtazamaji anaona picha zilizokamilika tu.

Kwa mchoro kama ule wa shanga hata hilo si lazima. Ushanga mpya unaongezwa, wa zamani haufutwi, kwa hiyo hakuna cha kupepesa. Kabla ya kuongeza bafa, yaani hiyo `Pixmap` ya pembeni, jiulize kama unahitaji kufuta kioo kizima.

9. Feni inavuma na prosesa imefika asilimia 100. Mchoro wangu ni mdogo tu!

Mzunguko wako haupumziki. Unachora mara elfu kwa sekunde wakati jicho linatosheka na 25 au 30. Pumzika milisekunde 40 kati ya picha na picha, na feni itanyamaza.

Anayetaka pia kusikiliza matukio atatumia `poll` juu ya `ConnectionNumber(d)`, akiipa muda uleule wa milisekunde 40. Hapo pana mtego mmoja. Xlib inaweza kuwa imeshasoma matukio kutoka kwenye soketi (njia yake ya mawasiliano na seva) na kuyaweka kwenye foleni yake ya ndani. Soketi iko tupu, `poll` inasema hakuna kitu, na tukio lako limekaa kwenye foleni. Kwa hiyo uliza `XPending(d)` kwanza, maliza yote yaliyomo, ndipo uingie kwenye `poll`. Na usiite `XNextEvent` wakati foleni ni tupu, kwa sababu itasimama hapo hadi tukio lije, na mchoro wako utaganda.

10. Ofisi ya utalii inataka picha za Ngorongoro na Kibo zipishane kwenye kioo cha mapokezi. Xlib inafaa?

Inafaa, ila jua uzito wa unachobeba. Ombi la duara moja ni baiti 24. Picha ya kioo cha 1920 kwa 1080, kwa baiti 4 kila pikseli, ni takriban MB 8.3. Ukiituma upya mara 25 kwa sekunde, unasukuma kama MB 207 kila sekunde ili kuonyesha mlima ambao haujasogea hata kidogo.

Tuma kila picha mara moja kwa `XPutImage` kuingia kwenye `Pixmap`, ambayo hukaa upande wa seva. Kuanzia hapo, kuionyesha ni ombi dogo la `XCopyArea`. Kama kweli kila fremu ni mpya, mathalani unataka picha moja iyeyuke polepole ndani ya nyingine, tumia kiendelezi cha MIT-SHM: mteja na seva wakiwa mashine moja, wanasoma kumbukumbu ileile na hakuna kinachosafirishwa.

11. Nikiandika "Ng'iresi" inatoka na alama za ajabu. Xlib haijui Kiswahili?

Inajua. Herufi za Kiswahili zote zimo kwenye seti ya kawaida, hata kwa `XDrawString`. Tatizo ni kile kialama cha juu. Ukinakili maneno kutoka kwenye programu ya kuandikia barua, hubadilishwa na kuwa kile kilichopinda, ambacho hakimo kwenye Latin-1. Andika kile kilichonyooka cha kwenye kibodi. Ukitaka herufi nzuri zaidi, hamia Xft, maktaba nyingine ya kuchora herufi, na uite `XftDrawStringUtf8`. Huko vyote viwili vinakubalika.

12. Mchoro umekamilika. Nauingizaje kwenye orodha, na nani hujua kwamba mtu ameondoka?

Ongeza mstari chini ya `programs:` kwenye faili `~/.xscreensaver`, ukiandika njia kamili ya programu yako kisha `--root`, na umalizie mstari kama wenzake walivyomalizia. Programu yako ikubali neno hilo na kuliacha lipite. Anayejua kwamba mtu ameondoka ni XScreenSaver, wewe huhitaji. Ukitaka kujua inavyofanyika, endelea.

## Kungoja

13. Napimaje muda ambao mtu hajagusa kitu?

Kwa kiendelezi cha MIT-SCREEN-SAVER, kilichomo kwenye maktaba ya libXss:

```c
#include <stdio.h>
#include <X11/Xlib.h>
#include <X11/extensions/scrnsaver.h>

int main(void)
{
    int tukio, kosa;
    Display *d = XOpenDisplay(NULL);
    if (!d || !XScreenSaverQueryExtension(d, &tukio, &kosa))
        return 1;
    XScreenSaverInfo *hali = XScreenSaverAllocInfo();
    XScreenSaverQueryInfo(d, DefaultRootWindow(d), hali);
    printf("Sekunde %lu bila mguso\n", hali->idle / 1000);
    XFree(hali);
    XCloseDisplay(d);
    return 0;
}
```

Kompaili kwa `gcc utulivu.c -o utulivu -lXss -lX11`. Ukiiendesha hivihivi utaona 0, kwa sababu umetoka kubonyeza Enter sasa hivi. Jaribu `sleep 10; ./utulivu` na uache mikono mapajani.

Usiulize kila milisekunde. Kama kikomo chako ni dakika tano na mtu ametulia dakika mbili, lala dakika tatu ndipo uulize tena.

14. Sasa `XSetScreenSaver` ni ya nini?

Hiyo inampangia mambo mlinzi wa ndani wa seva yenyewe, ambaye hajui mchoro wako. Unampa muda wa kungoja kwa sekunde, muda wa kubadilisha, na kama unapendelea kioo cheusi au mchoro wake. Muda wa 0 unamzima, na -1 unarudisha wa awali. Namba nyingine yoyote chini ya sifuri huleta kosa la `BadValue`. Mipangilio ya sasa utaiona kwa `xset q`. Mashine nyingi huonyesha sekunde 600.

Watu hudhani kuita `XSetScreenSaver` kutaanzisha programu yao. Hakutaanzisha. Kuna `XForceScreenSaver` ya kumwamsha mlinzi huyo papo hapo, lakini bado ni yeyeyule wa seva.

15. Projekta inazimika katikati ya semina. Na je, kihifadhi skrini kinaokoa umeme?

Nayajibu pamoja kwa sababu chanzo cha mkanganyiko ni kimoja. Kuna mlinzi wa skrini na kuna DPMS, na ni vitu viwili. DPMS ndiyo inayoagiza kioo kizime taa yake. Katika mafunzo fulani ukumbini, mwezeshaji alizima kihifadhi skrini kabla ya kuanza na bado ukuta ukawa mweusi mara mbili, watu wakikodoa macho. DPMS ilikuwa hai. Kwa siku kama hiyo andika amri zote mbili: `xset s off` na `xset -dpms`.

Ukiandika programu ya kuonyesha video au mafunzo, usimwachie mtumiaji kazi hiyo. Ita `XScreenSaverSuspend(d, True)` inapoanza. Programu yako ikifungwa, au hata ikianguka, seva inarudisha hali yenyewe. Lakini XScreenSaver na wenzake wana saa zao wenyewe, kwa hiyo tuma ombi hilo pia kwa D-Bus (njia ya programu kutumiana ujumbe), kwenye `org.freedesktop.ScreenSaver`, kwa njia ya `Inhibit`.

Kuhusu umeme: mchoro hauokoi, unaongeza, kwa sababu taa ya kioo inawaka na prosesa inafanya kazi. Anayetumia sola au betri aweke kioo kizimike, kwa mfano `xset dpms 0 0 300`.

## Kufunga

16. Kuongeza sehemu ya nenosiri ni mistari michache tu. Kwa nini unakataza?

Kwa sababu kwenye X, kufuli ni dirisha tu lililotandazwa juu ya kazi ya mtu, pamoja na kibodi iliyoshikwa kwa `XGrabKeyboard`. Mteja akifa, seva inafanya usafi: dirisha lake linaondolewa na kibodi inaachiwa. Kosa moja dogo la kumbukumbu kwenye mchoro wako wa shanga, na malipo ya wafanyakazi yaliyokuwa wazi kwenye kioo cha mhasibu yanaonekana na kila apitaye. Hakuna aliyevunja chochote. Kufuli limeanguka lenyewe.

Kwenye mashine zenye RAM ndogo, si lazima hata uwe umekosea. Kumbukumbu ikiisha, kiini cha Linux huchagua programu ya kuua, na inaweza kuwa yako.

Ndiyo maana programu inayofunga inatakiwa iwe ndogo, ichunguzwe na watu wengi, na isichore chochote cha kuvutia. Kazi hiyo imeshafanywa. Itumie.

17. Muda umepita lakini skrini haikujifunga. Nimekosea wapi?

Huenda hujakosea. Kama mtu aliinuka akaacha menyu imefunguliwa, ile menyu inakuwa imeshika kibodi na kipanya, na X haina njia ya kumnyang'anya mshikaji. `XGrabKeyboard` itakurudishia `AlreadyGrabbed`. Jaribu tena mara kadhaa kwa mapumziko mafupi. Ikishindikana, usitandaze dirisha la kufuli, kwa sababu utamwonyesha mtu kwamba amefungiwa huku herufi za nenosiri lake zikiingia kwenye programu nyingine. Kila mara linganisha jibu na `GrabSuccess`.

## Yanayotokea pembezoni

18. Nina vioo viwili na mchoro umekatika katikati.

X huviona vioo vyote kama ubao mmoja mpana. Mipaka ya kila kioo utaipata kwa `XineramaQueryScreens`. Ukiwa chini ya XScreenSaver huna kazi hiyo: huanzisha nakala moja ya mchoro kwa kila kioo.

19. Ubuntu yangu mpya inasema sekunde za utulivu ambazo si za kweli.

Andika `echo $XDG_SESSION_TYPE`. Ukiona `wayland`, unatumia Wayland, mfumo mpya wa madirisha unaochukua nafasi ya X, na seva unayozungumza nayo ni XWayland, na yenyewe huambiwa tu yale yanayotokea juu ya madirisha ya X. Mtu anaweza kuwa anaandika barua kwa kasi kwenye programu ya Wayland, na hesabu yako ikamhesabu amelala. Kushika kibodi nako hakufungi chochote.

Mchoro wako bado utafunguka kama dirisha la kawaida. Kwa kujifunza, ingia kwa kikao cha Xorg (seva ya kawaida ya X) kama kipo, au tumia Xfce au MATE. Wanaotaka kwenda na Wayland wasome itifaki za `ext-idle-notify-v1` na `ext-session-lock-v1`. Hii ya pili inatibu ugonjwa wa swali la 16: programu ya kufuli ikifa, kikao kinabaki kimefungwa.

20. Mchoro unafanya kazi vizuri jioni, lakini asubuhi mashine nzima imekwama. `top` inasema mlaji ni Xorg, si mimi.

Ni wewe. `Pixmap` hukaa upande wa seva, kwa hiyo unapoitengeneza na kusahau `XFreePixmap`, deni linaandikwa kwa jina la Xorg. Ukivujisha moja tu ya kioo kizima kila dakika, tangu saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi umeacha 600, na kwa MB 8.3 kila moja hiyo ni karibu GB 5.

Sakinisha `xrestop` na uiache wazi pembeni. Inaorodhesha kila mteja na kumbukumbu ya picha anayoishikilia ndani ya seva. Kama safu ya mchoro wako inapanda na haishuki, tafuta kila `XCreatePixmap` na `XCreateGC` iliyo ndani ya mzunguko, uitoe nje au uipe `XFreePixmap` na `XFreeGC` yake. Kisha uache usiku mwingine mmoja, ukiwa umeandika namba ya jioni kwenye karatasi.